Kivuli na nguo ni vifaa vya kuzamia kama mtungi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenye boti za kuzamia na za kupeleka wageni kuogelea na papa potwe hapa Mafia, na wenzao wa Unguja, Pemba na Watamu ambao kazi yao ni hii hii.

Mimi ni mtunza vifaa katika kituo cha uzamiaji hapa Utende, kando ya Ghuba ya Chole. Najaza mitungi ya hewa, nasuuza suti za kuzamia na majaketi ya kuelea kwa maji ya kisima, na kila asubuhi nawachagulia wageni miwani ya kuzamia, ambayo sisi kazini tunaiita maski. Nazamia pia, cheti ninacho mwaka wa nane sasa. Ni mtu mwenye ualbino, na nina ndevu za kushikika, rangi yake kama nywele za mahindi mabichi. Kwa hiyo mzungu mwenye ndevu nyekundu anapoingia chumbani kwangu akilalamika kwamba maski inavuja na shingo inawaka moto, shida yake naijua kwa mwili wangu mwenyewe.

Ninalotaka kusema ni kwamba jua halimuumizi mzamiaji chini ya bahari. Linamuumiza kwenye boti na juu ya maji. Na boti nyingi zinazotoka hapa hazina kivuli.

Tuhesabu asubuhi moja. Boti inaondoka saa mbili. Mbizi ya kwanza haifiki saa nzima, na sehemu kubwa ya muda huo mtu yuko kina kirefu, amevaa suti. Kisha anapanda, anavua suti hadi kiunoni kwa sababu ya joto, anakaa saa nzima au zaidi akisubiri mwili upumzike kabla ya mbizi ya pili. Saa hiyo inaangukia kati ya saa nne na saa sita, jua likikaribia ukali wake wa juu kabisa. Mara nyingi tunamshusha kwenye fungu la mchanga ale matunda. Mchanga mkavu nao unarudisha jua usoni. Shirika la Afya Duniani linataja takriban asilimia 15 kwa mchanga mkavu wa pwani, na asilimia 25 kwa povu la bahari. Mgeni kavaa kofia, anadhani kajikinga, kumbe anaungua chini ya kidevu.

Kwenye papa potwe hali ni mbaya zaidi. Samaki hawa huja kwa wingi upande wa Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Februari. Sasa angalieni jua letu: hapa Mafia, nyuzi 8 hivi kusini mwa ikweta, jua hupita juu ya utosi mara mbili kwa mwaka, katikati ya Oktoba na mwishoni mwa Februari. Maana yake msimu wote wa papa potwe uko katikati ya siku hizo mbili. Na mgeni anafanya nini? Analala kifudifudi juu ya maji saa moja, saa mbili, mgongo na miguu vikitazama juu. Hasikii joto kwa sababu maji yanampoza. Shirika hilo hilo linaeleza kwamba nusu mita chini ya maji, bado kuna asilimia 40 ya miale ya urujuanimno, ile ya jua inayounguza ngozi, iliyoko juu. Kuwa majini si kinga.

Kaskazi iliyopita nilimpokea kijana wa Kiholanzi, ndevu zake kama zangu kwa urefu. Siku ya kwanza akaenda kwenye papa potwe na bukta tu, na fulana ya pamba aliyoivaa baadaye alipoona mabega yamebadilika rangi. Fulana nyepesi ya pamba ikilowa inapitisha jua zaidi kuliko ikiwa kavu, jambo ambalo wageni wengi hawalijui. Kesho yake aliletwa kwangu avae suti. Nyuma ya magoti palikuwa pamevimba na kufanya malengelenge. Nilipojaribu kupandisha suti alishika ukuta kwa mikono miwili. Alikuwa amelipia mbizi sita na hakuzamia hata moja. Tulipozungumza nikagundua anameza doksisaiklini kila siku kujikinga na malaria. Dawa ile hufanya ngozi iungue upesi, na wageni wengi wanaokuja kwetu wanaitumia. Tangu siku ile, swali la dawa nimeliandika mwenyewe kwenye karatasi ya kupokelea wageni, juu kabisa, kabla ya namba ya kiatu.

Mafuta ya jua yanasaidia, sisemi yaachwe. Ila yanataka yapakwe mengi, yarudiwe kila baada ya saa mbili na kila mtu akitoka majini, na kwenye boti inayoyumba hakuna anayefanya hivyo sawasawa. Tena yakioshwa yanabaki kwenye maji ya matumbawe yetu. Hawaii waliacha kuruhusu uuzaji wa mafuta yenye kemikali za oksibenzoni na oktinoksati mwaka 2021 kwa hofu hiyo. Nguo haioshwi. Shati la kuogelea la mikono mirefu lenye alama ya UPF 50, kipimo cha nguo cha kukinga jua, linapitisha si zaidi ya sehemu moja katika hamsini ya miale hiyo, asubuhi na mchana vilevile, na halimwachii kasa kitu cha kumeza.

Mimi nimelelewa kwa nguo. Nilipokuwa mdogo, mama alinishonea mashati ya mikono mirefu ya kitambaa kizito, kola ameiongeza hadi masikioni, na hakuniruhusu kutoka mlangoni bila kofia. Watoto wenzangu walikuwa wakienda na matumbo wazi pwani kuokota tondo, mimi nimefungwa kama mzigo wa Jumapili. Nililia sana. Leo nina miaka 36, na daktari wa ngozi anayenikagua hajawahi kunikata hata kidonda kimoja. Wapo niliokua nao, wenye ualbino kama mimi, ambao saratani ya ngozi iliwachukua kabla ya kufika umri huu. Mafuta ya Kilisun, yanayotengenezwa Moshi pale hospitali ya KCMC kwa ajili yetu, niliyapata nikiwa mtu mzima. Nayashukuru. Lakini nikiulizwa ni nini kilichonifikisha hapa, nitajibu ni cherehani ya mama.

Sasa maski na ndevu, kwa sababu hapa ndipo watu wanapodanganyana sana.

Kituo kimoja nilichoomba kujifunzia, nisikitaje, kiliniambia mambo mawili kwa siku moja: kazi ya jua hainifai, na nikilazimisha basi ninyoe ndevu zote, kwa sababu maski haitashika. La kwanza liliniuma. La pili lilinishangaza, maana ndevu za kidevuni hazikutani na maski popote. Ukingo wa silikoni unapita kwenye paji la uso, unashuka pembeni mwa mashavu, unakatiza chini ya pua. Kinachogombana nao ni masharubu peke yake, na hasa ule mstari wa juu kabisa unaogusana na pua. Kila unywele unaopita chini ya ukingo ni mfereji, maji yanaufuata.

Sisi Waislamu wa pwani tumefundishwa tangu zamani kupunguza masharubu na kuacha ndevu. Nilipolifikiri nilifurahi moyoni: sunna ile ile niliyokuwa naifuata ndiyo maski inayoitaka. Nilichukua mkasi mdogo na wembe, nikasafisha mstari chini ya pua wenye upana wa punje mbili za mchele. Ukisimama mbele yangu huuoni. Maski ilishika.

Kwa hiyo mgeni mwenye ndevu simwambii anyoe. Nampa maski bila kamba, aiweke usoni, avute pumzi kidogo kwa pua, aachie mikono. Kwa uso mtupu inabaki palepale. Kwa mwenye masharubu inashika, halafu inaachia polepole, na hapo najua ni unywele na wala si umbo la uso. Ikianguka mara moja pembeni, basi umbo halimfai, tunabadilisha maski. Halafu narudia yote akiwa na kipumulio mdomoni. Wengi wanaliruka hili. Kipumulio kinanyanyua mdomo wa juu, masharubu yananyanyuka nayo, na maski iliyoshika vizuri dukani inaanza kuvuja majini.

Asiyetaka kugusa hata unywele mmoja nampa grisi ya silikoni, ile tunayopaka kwenye pete za mpira, apake kidogo kwenye masharubu. Vaselini nakataa. Inaharibu mpira, inashika mchanga, na ikifika kwenye kioo hupati kuiondoa siku nzima. Na huyo naye nampeleka kwanza kwenye maji ya kifua, ajizoeze kutoa maji: abane maski juu, ainue uso kidogo, apulize kwa pua, maji yatoke kwa chini. Mwenye ndevu ataingiwa na maji kiasi cha kijiko, hilo alijue mapema. Hatari ni yule anayelijua akiwa mita 18, akashtuka, akakimbilia juu. Mapafu hayasamehe mbio za namna ile.

Kosa ninaloliona kila wiki ni kukaza kamba. Maski inavuja, mtu anakaza, ukingo unajikunja, inavuja zaidi, anakaza tena, anarudi na alama nyekundu usoni kama aliyepigwa. Kamba kazi yake ni kuizuia maski isidondoke. Maji yenyewe ndiyo yanayoibana usoni.

Na hapa mafuta ya jua yanarudi tena. Mgeni anajipaka uso mzima dakika ile ile ya kuruka majini, paji la uso na chini ya pua vikiwemo. Ukingo unateleza, mafuta yanayeyuka, yanaingia machoni, yanachoma. Anaamini maski ni mbovu. Ninawaomba wapake chumbani kwao nusu saa kabla, wakifika kwangu nawapa kitambaa wafute njia ya ukingo. Kwenye ndevu watumie mafuta mepesi na wayasukume kwa vidole hadi ngozini, kwa sababu mazito yanabaki juu ya nywele na ngozi ya chini inaungua. Masikio na midomo husahaulika daima. Paji la uso na utosi nawafunika kwa kofia ya suti, ukingo wake ukiwa juu ya maski, kamwe usipite chini.

Huku chini ya maji, Mhariri, ni pahali pangu. Macho yangu hayatulii na mwanga mkali unanitesa. Kwenye gati napepesa muda wote. Nina maski yenye vioo vya macho yangu. Nikifika mita 12 kwenye mlango wa bahari wa Kinasi, unaoingia Ghuba ya Chole, jua linapoa, naweza kufumbua macho wazi. Rangi nyekundu imekwisha potea kwa kina hicho, na mikono yangu na mikono ya kaka yangu, ambaye ni mweusi tii, yote imegeuka kibuluu. Nahesabu chewa, namtazama kasa akila, sina haraka. Haki hii nusura niikose kwa neno la mtu mmoja kwenye meza ya mapokezi.

Ombi langu ni hili. Hakuna boti inayotoka bila mitungi, na hakuna nahodha anayekubali kupakia mtu asiye na jaketi. Shati la mikono mirefu na kofia ya suti viwekwe kwenye orodha ile ile, vikodishwe pamoja na mapezi, bila mgeni kuulizwa kama anataka. Boti iwe na turubai linalofunika wanapokaa watu, siyo nahodha peke yake. Mabaharia nao wafunikwe. Ngozi nyeusi haiungui upesi kama yangu, lakini macho ya nahodha aliyetazama maji miaka thelathini bila kivuli yanajieleza. Na kijana mwenye ualbino akija kuomba kazi, muulizeni anajua kufanya nini.

Kwenye boti yetu tulikuwa na hoja kwamba turubai linashika upepo. Ni kweli linashika, wakati wa kusi hasa. Tukamwita fundi wa matanga, akatushonea la futi 12 kwa 8 lenye vishikizo vya kamba, linalokunjwa dakika mbili upepo ukizidi. Limekaa misimu miwili. Kilichoharibika hadi sasa ni kishikizo kimoja, nimekishona mwenyewe kwa uzi wa nyavu. Mwenye kutaka kupima vipimo vyake aje Utende asubuhi kabla ya saa mbili, boti inakuwa imefungwa mbele ya chumba cha vifaa.

Wako,
Mtunza vifaa vya kuzamia,
Utende, Mafia