Barua kwa wanangu wenye leseni mpya na miguu inayotetemeka

Assalaam alaykum wanangu, wa kike na wa kiume, mliopata leseni juzijuzi na bado funguo za gari mnazitazama kama nyoka aliyejikunja mezani.

Nimewaona. Nikikaa barazani hapa Shella ya Malindi, dereva mpya namjua kabla sijauona uso wake: mabega yamepanda hadi masikioni, kifua kinakaribia kugusa stelingi, gari linarukaruka kama punda aliyekanyaga mwiba. Siwacheki. Mimi ni mzaliwa wa Lamu, Mkomani, ambako vichochoro vina upana wa punda na mzigo wake. Honi yetu ilikuwa "Simile! Simile!" basi. Ndoa ndiyo iliyonileta Malindi, na usukani niliushika mara ya kwanza nina miaka 43.

Mtihani niliupita vizuri. Waliniwekea ule ubao wenye barabara za kuchorwa, nikakisukuma kigari cha kuchezea kwa vidole viwili, nikaingia na kutoka bila kosa. Ubaoni hakuna tuktuk.

Wiki mbili baadaye, Ijumaa, watu wametoka kuswali, gari likanizimikia karibu na sokoni. Nikaliwasha, likazima. Nikaliwasha tena, likazima tena. Nyuma yangu lori la mchanga, nyuma ya lori sijui nani, wote wanapiga honi, na jasho linanitiririka ndani ya buibui. Kumbe naachia klachi kwa pupa, kwa sababu ya zile honi. Kijana mmoja wa tuktuk akashuka, akainama dirishani, akaniambia taratibu: "Mama, vuta hendibreki kwanza. Hawa hawawezi kupita juu yako." Nikavuta. Nikapumua. Nikainua klachi kidogokidogo mpaka nikaisikia inashika, gari likainama kidogo mbele kama linataka kwenda, hapo nikaongeza mafuta, nikaachia hendibreki. Likaondoka kama mashua iliyopata upepo. Mwalimu wangu wa udereva alinipigia kelele mwezi mzima, na hakuwahi kuniambia maneno yale.

Basi honi ya nyuma isiwe bwana wenu. Aliye nyuma ana haraka yake. Wewe una gari lako na roho za watu. Ukimwona anakusukuma sana, washa indiketa ya kushoto, tafuta mahali salama pa kusimama, mwache apite na haraka zake.

Mtu akija kuniambia, "Bibi, naogopa kuendesha," namuuliza: unaogopa wapi? Wengi hushtuka. Wanadhani wanaogopa barabara yote, kumbe hofu ina mtaa wake. Mmoja anaogopa kurudi nyuma, mwingine kusimama kilimani, mwingine bodaboda wanaopenya kushoto na kulia kwa wakati mmoja. Mimi nilikuwa naogopa kukata kulia kuingia barabara ya Lamu. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo ukikata kulia lazima uvuke njia ya wanaokuja, na kukadiria mwendo wa gari linalokuja si kazi ya siku moja. Nilizunguka mji mzima kukwepa kona ile moja. Nilimaliza mafuta, hofu ikanenepa.

Nilichofanya ni kuifuata kwake. Kila siku baada ya swala ya alfajiri, mji haujaamka, nakata kulia, nazunguka, narudi, nakata tena. Mara sita, mara saba. Siku ya tisa nikaenda saa mbili asubuhi, magari yameshajaa. Moyo ulidunda, lakini miguu ilikuwa inaijua kazi yake. Msingoje hofu iishe ndiyo muendeshe. Itawangojea hapo mlangoni hadi leseni iishe muda.

Jingine ni macho. Dereva mwoga hutazama pua ya gari, na gari linayumba, kwa maana mikono hufuata macho. Tazama mbali, kule barabara inakokwenda, kisha saidi mira, kisha mbali tena. Ukiwa kwenye kilomita 50 kwa saa, gari linakula kama mita 14 kila sekunde. Tuktuk iliyo mbele yako inaweza kusimama papo hapo kwa abiria aliyeinua mkono tu. Hofu inayowafanya muachie nafasi mbele, hiyo bakini nayo, ni nzuri. Na mnaotoka Ganda, upande wa bara, kuja mjini asubuhi, jua linachomoza baharini na linawapiga usoni. Futeni kioo kabla hamjatoka nyumbani.

Barabara ya Mombasa msiikimbilie. Anzeni na Gede, mchana, mrudi. Mabasi yatawapita kama yanafukuzwa. Shikeni upande wenu, msishindane nayo.

Na chagueni wa kumketisha kando. Marehemu mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema, lakini ndani ya gari alikanyaga breki isiyokuwepo hadi zulia likatoboka. Kila akikanyaga, nami nakanyaga. Mwishowe nilimwambia akae nyuma na magazeti yake, na tangu siku hiyo nikaanza kuendesha kama mtu.

Jumamosi hii, mwanga ukishapambazuka, nitakuwa barabara ya Casuarina na chupa ya chai ya tangawizi. Atakaye nikae kando yake aje, hata wenye herufi L bado. Leseni yangu ni hai. Sipigi kelele, na breki ya kwangu sina. Mafuta mje nayo wenyewe.

Bibi yenu wa Shella, Malindi