Kima mgeni darasani: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi hapa Wete hatujambo, baba yako kifua kimempungua na anakusalimu.

Hadithi yako ya wanyama wa darasa la kwanza imenifika. Nimeisoma mwenyewe, kisha nikampa mtoto wa kaka yako aisome kwa sauti nami nikakuna nazi huku nasikiliza. Penye uzima alikwenda mbio, penye ugonjwa alikwama, kwa hiyo nyingi ya lawama hizi ni zake.

Nilifurahi ulivyomtoa Kima punju msitu wa Jozani, Unguja, ukamvusha bahari, ukamleta skuli ya Ngezi, huku kwetu Pemba. Wasomaji wako watadhani umebuni. Kumbe miaka ya 1970 walivushwa kweli kima wachache kutoka Unguja, wakatiwa msitu wa Ngezi, na kizazi chao kingalipo. Kwao khasa ni Unguja tu, duniani kote hawana kwao kwengine. Kwa hiyo huyo ni mgeni kwelikweli, na darasa la kwanza hapana jambo zito kama mgeni.

Ila mgeni wako umempokea upesi mno. Anaingia, mwalimu anasema, "Huyu ni mwenzenu, mpendeni," na ukurasa wa pili wote wanampenda. Wapi uliona hayo? Nimesomesha darasa la kwanza mpaka nikastaafu, sijaona watoto wakipendana kwa tangazo. Mgeni akiingia wanamtazama viatu kwanza. Kisha kila mmoja anautandaza mkoba wake kwenye deski ili pasionekane nafasi. Wewe ulipohamia skuli ya mjini, wakakucheka kwa usemi wetu wa Kipemba, hukuniambia mwalimu alisema nini. Ulinionesha raba. Yule msichana uliyekaa naye aliikata yake kwa meno akakupa nusu, na alama za meno zilikuwa bado zipo. Hiyo raba ndiyo inayotakiwa kwenye hadithi yako.

Na utaipata ukiwaachia wanyama maumbile yao. Umewavisha sare, ukawakalisha, wakawa watoto wa watu wenye mikia. Lakini Kima punju hana dole gumba. Limebaki kinundu tu. Kwenye tawi halimkwazi, hunasa kwa vidole vinne vile virefu na kuruka. Mpe penseli sasa. Itamponyoka. Ataiokota, itamponyoka tena, na mara hii itabingirika chini ya madeski na darasa zima litageuka kumtazama. Huna haja ya kuandika kwamba Kima ana huzuni.

Popo wetu wa Pemba naye umemkalisha kitako. Mnyama ambaye mbawa zake, ncha kwa ncha, hufika kama mita 1.6, umbane kwenye deski la watu watatu? Mwache aning'inie kwenye boriti, kichwa chini. Kitabu atakiona juu chini na wenzake watamcheka kwa hilo. Lakini penseli ikianguka, yeye peke yake ndiye anayeona chini ya madeski. Basi maneno yawe haya, kwa herufi kubwa, mstari mmoja mmoja:

Penseli ya Kima iko wapi?
Komba hajui.
Paa hajui.
Popo anaiona.

Ukurasa unaofuata, Kima amgeuzie Popo kitabu. Usitie neno hata moja pale, weka picha tu. Mtoto aliyechoka kusoma silabi atapumzika, na ataelewa kuliko ungemwambia.

Juu ya majina: Popo ni zawadi, silabi moja mara mbili. Nguchiro mtoe. Mtoto wa kaka yako alifika "ngu" akasimama, "chi" akasimama, alipomaliza "ro" alikuwa kesha sahau habari yenyewe. Na huyo Chui uliyemfanya monita mtoe pia. Wewe unasomesha kusini Unguja, huko watoto wamekua wakisikia kuwa chui hufugwa na wachawi. Utaandika urafiki kurasa nzima, wao watauliza huyu ni chui wa nani.

Tena, Komba na Popo wote ni watu wa usiku. Waweke mkondo wa jioni. Asubuhi watakusinzilia.

Sasa nije kwenye lile lililonipendeza kuliko yote, ingawa wewe umelipitia kwa haraka. Komba anasema, "Babangu kasema kima ni wezi wa vidaka." Hilo umelitoa kwa watoto wako mwenyewe, naapa. Kima wa pembezoni mwa Jozani hushuka mashambani wakala nazi changa, na mwenye minazi hawezi kuwapenda. Mtoto husikia nyumbani, akaja nalo skuli. Lakini wewe unamwita mwalimu amrekebishe Komba, na ukurasa wa mwisho Komba anaomba radhi mbele ya wote. Radhi ya namna hiyo mtoto huitoa ili aachiwe akacheze. Acha neno la Komba lining'inie bila jibu. Kwani Kima atajibu nini? Vidaka wanakula kweli.

Ngoja mapumziko. Wengine watoe bajia na mihogo, Kima atoe kipande cha mkaa. Usicheke, kima wa Jozani hula mkaa, na waliowachunguza wanasema unawasaidia kuzuia sumu iliyomo kwenye majani wanayokula, kama ya miembe na mikungu. Komba aombe kuonja. Autafune, uso umkunjamane, ateme, meno meusi tii. Mmoja aanze kucheka, mwengine afuate. Ukishafika hapo kalamu iweke chini. Ile sentensi yako ya "Hadithi hii inatufundisha" ikate, mwalimu yeyote mvivu ataisema bila ya wewe kumwandikia.

Baba yako anasema nakuzuia kuandika kama hadithi zetu za zamani. Sivyo. Kisa cha Kima na Papa nilikusimulia mie mwenyewe: kima juu ya mkuyu anamrushia papa makuyu baharini, wanapatana, papa anamchukua mgongoni ampeleke kwao, na katikati ya bahari ndipo anamwambia kuwa sultani wao mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Naye kima akamjibu kuwa mioyo yao huiacha mtini, warudi wakautwae. Kisa kile ni cha kusimuliwa usiku kwa mdomo, mtoto ajue kuwa wapo rafiki wa namna hiyo. Anayejifunza kukaa kitako na mtu asiyemjua anahitaji chengine. Lakini tazama hata wale wawili walivyoanza: kuyu lilirushwa kwanza, urafiki ukaja baadaye.

Mchoraji wako mrejeshee kazi. Amemtia Kima dole gumba, tena amempaka rangi moja mwili mzima. Mgongo uwe mwekundu, mabega na mikono myeusi, uso mweusi wenye nywele nyeupe pembeni.

Na nikuulize, Paa kafanya nini muda wote huu? Yupo kila ukurasa, kakaa karibu na dirisha, hasemi, haulizwi. Darasa langu halikukosa mtoto kama huyo hata mwaka mmoja, na mara nyingi nilijua jina lake mwisho kabisa. Hadithi ya pili iwe yake. Ianze kabla ya Ramadhani, maana wewe ukishafunga huandiki hata orodha ya sokoni.

Wasalaam,
Mama yako