Malalamiko kuhusu pipa na kipimajoto cha jiko la kubanikia

Wete, Pemba.

Kwa Meneja wa Mauzo,
Unguja Mjini.

Assalamu alaykum.

YAH: KIPIMAJOTO KIBOVU, PIPA LISILO LA CHAKULA NA KUDHALILISHWA DUKANI KWENU

Nilinunua kwenu pipa na kipimajoto ili nijitengenezee jiko la kubanikia nyama na samaki kwa moshi. Masharti ya dhamana yenu mnayajua kuliko mimi, kwa hiyo sitayarudia. Nakuandikia kwa sababu Jumatatu iliyopita, kwenye kaunta yenu, kijana wenu alikichukua kipimajoto nilichokirejesha, akakinyanyua juu mbele ya wateja na kusema kwa sauti: “Jamani, njooni muone, mzee kapika kipimajoto badala ya samaki.” Watu wakacheka. Kisha akakitia kwenye kikapu changu bila ya kukitazama, akamwita mteja mwengine.

Ni kweli nilikipika. Niliitia ncha yake ndani ya maji yanayochemka, kama afanyavyo mtu yeyote anayetaka kujua kipimo chake kinasema kweli, na huku kwetu pwani maji huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi. Chenu kilisimama kwenye 72. Nilikitoa na kukirejesha mara tatu, na mara zote ikawa 72.

Kwa wiki mbili nzima nilikuwa nikikitii kipimo hicho. Kidari cha ng'ombe hubanikwa taratibu kwa moshi, kwa nyuzi baina ya 107 na 121, na kila nilipoona sindano haijafika 110 nilizidi kufungua tundu za chini ili moto upate hewa, nisijue kwamba ndani ya pipa huenda joto lilikuwa limeshakaribia 140. Nilibadilisha urefu wa dohani mara mbili, nikazilaumu kuni za mwembe nikidhani ni mbichi, nikamlaumu hata fundi aliyenichomelea mlango, ambaye nimeshamwomba radhi. Vidari viwili vilitoka vyeusi nje na vigumu ndani, na nguru mzima akatoka hana mafuta hata tone.

Pipa nilipaswa kulitaja mwanzo, kwa kuwa ndilo nililonunua mwanzo. Risiti yenu imeandika wazi kuwa ni pipa la lita 200 lililochukua mafuta ya kula, lakini nilipolifungua lilikuwa likinuka thina, na chakula hakiwezi kuingia humo hata mkilichoma kuni mwezi mzima. Nililazimika kutafuta jengine hapa hapa Wete, na hilo ndilo nililolifanya jiko. La kwenu liko uani, na kuku hawalikaribii.

Narudi kwenye kaunta, kwa sababu hapo ndipo panaponiuma. Nilisafiri kwa boti ya usiku na mjukuu wangu wa miaka tisa, tukafika dukani hamjafungua. Nilichoomba ni kikombe cha maji ya moto ili tukijaribu kipimo pamoja. Kijana hakunijibu, alikigonga mara mbili kwenye kaunta kama anayekung'uta kiko, akakinyanyua, ndipo akawaita watu waje kumuona mzee aliyepika kipimajoto. Msimamizi wenu alikuwa nyuma ya kioo. Alisikia, akanyanyua macho kutoka kwenye simu yake, akatabasamu. Mjukuu wangu akanivuta kanzu akaniambia: “Babu, twende zetu.” Kwetu Pemba mtu mzima hasemwi hivyo hata akiwa amekosa, na mimi sikukosa.

Nilipoanza barua hii nilikusudia kudai kipimajoto kizima tu. Sasa nadai fedha zangu zote, za kipimajoto na za pipa, pamoja na nauli ya watu wawili kwenda na kurudi. Nataka pia kijana na msimamizi waniandikie kuniomba radhi, kila mmoja kwa jina lake na saini yake. Nyama nilitaka kuisamehe, lakini nayo naidai: vidari viwili na nguru mmoja. Pipa lenu mje mlichukue kwa gharama zenu.

Nawapa siku 14. Zikimalizika bila ya jawabu, nitalipakia pipa hilo kwenye boti pamoja na risiti na kipimajoto, nilifikishe mbele ya Tume ya Ushindani Halali wa Biashara, na sufuria ya maji nitakwenda nayo.

Wasalaam,
Mteja wenu wa Wete.