Maduka ya marehemu baba: niwavumilie wapangaji au nimsikilize kaka?

Shangazi, shikamoo.

Natumai hujambo wewe na wa nyumbani kwako. Nakuandikia mwisho huu wa Agosti 2020 nikitaka ushauri wako na wa wasomaji wenzangu, hasa wale wenye maduka au wenye kupangisha maduka mjini.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa. Marehemu baba alituachia jengo la ghorofa moja Mtaa wa Biashara. Chini kuna maduka matatu, juu anakaa mama. Kaka yangu mkubwa yuko Muscat kikazi, dada yetu ameolewa Malindi, kwa hivyo kodi nakusanya mimi. Pesa ikiingia natoa kwanza ya dawa za mama, maana ana sukari na presha, natoa ya maji na stima, na inayobaki tunagawana kwa hisa tulizopangiwa na kadhi: mama thumni yake, kaka mafungu mawili, mimi na dada fungu moja moja. Miaka yote hiyo hatujawahi kugombania hata shilingi. Mwaka huu tumegombana, na hata simu ya video ya kila Ijumaa na kaka imekuwa ya salamu tu.

Wapangaji wetu ni hawa. Kuna mzee wa leso, aliyepanga kwa baba tangu mimi nikisoma chuo cha Kurani na mas-hafu kwapani. Kuna fundi cherehani na vijana wake, anayekata na kupinda leso, kushona kanzu, na kila shule zikikaribia kufunguliwa anaishi kwa sare za wanafunzi. Wa tatu ni dada wa makamo yangu, anauza udi, halud, singo na vitu vya bibi harusi. Mzee analipa 30,000 kwa mwezi, fundi 20,000, dada wa udi 25,000.

Asiyeujua mtaa ule aelewe kwamba maduka haya yanalishana. Watu wa harusi wakiingia kwa mzee wanachagua doti zao, wanabishana rangi na jina, kisha wanampa fundi azikate na kuzipinda pale pale. Wakisubiri cherehani imalize, wanahamia mlango wa tatu kunusa udi. Mteja mmoja anaacha pesa mahali patatu bila kuvuka barabara. Ndivyo Mtaa wa Biashara ulivyo kutoka mwanzo hadi mwisho, na ndiyo sababu duka likifungwa jirani huumia hata kama anauza kitu kingine kabisa.

Tarehe 13 Machi Waziri wa Afya Mutahi Kagwe akatangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Siku mbili baadaye shule zikaamriwa kufungwa, na sare za fundi zikaishia hapo. Tarehe 27 Machi ikaja kafyu ya saa moja jioni. Aprili serikali ikapiga marufuku kuingia na kutoka Mombasa, Kilifi na Kwale, na wateja wa Lamu na Tanga wakakatika. Harusi zikawa za kufungwa sebuleni, mashahidi na walii, bila hata ngoma ya kina mama. Ukiwa muuza leso, harusi isiyo na kina mama si harusi.

Lakini hayo yote tungeyavumilia kama si Ramadhani. Wenye biashara ya nguo pale mjini hutafuta riziki ya mwaka kuanzia mwisho wa Shaabani hadi usiku wa kuamkia Idi. Mzee alikuwa ameshachukua mzigo wa msimu mapema kwa mali kauli, leso na madera. Tarehe 6 Mei ikatangazwa kwamba Mji wa Kale, pamoja na Eastleigh kule Nairobi, unafungwa siku 15. Siku hizo hazijaisha, zikaongezwa hadi mwanzo wa Juni. Idi ya tarehe 24 Mei ikatukuta ndani. Sisi wa Mji wa Kale ndio wateja wa miguu wa maduka yale, na Barabara ya Digo, ambayo kwa kawaida tunaivuka hata kwa kwenda kununua sindano, tuliitazama kwa mbali polisi wakiwa wamesimama.

Na mama alikuwa ng'ambo ya pili ya barabara hiyo, juu ya maduka, peke yake. Waliomlea ni wapangaji. Mke wa fundi alimpelekea futari kila magharibi, dada wa udi akamchukulia dawa zake, na mzee, ambaye mwenyewe hakuwa ameuza kitu, alimpandishia mitungi ya maji kupitia kijana wake. Hakuna aliyeniambia nikate kwenye kodi. Hayo nimeyasikia kwa mama.

Tulipofunguliwa nilikwenda dukani kwa mzee. Marobota ya Idi yalikuwa yamepangwa hadi karibu na dari, kamba hazijakatwa. Doti za kuonyesha alizozitundika mlangoni zilikuwa zimepauka upande unaopigwa na jua, nyekundu imekuwa rangi ya matofali, upande wa pili bado mpya. Akanionyesha bila kusema kitu, akaendelea kukung'uta vumbi.

Sasa nije kwenye pesa. Kuanzia Aprili niliwaambia walipe wanachoweza, mengine nitaandika daftarini. Hadi leo mzee amelimbikiza 105,000, fundi 60,000, na dada wa udi 75,000. Fundi alipumua kidogo Aprili kwa kushona barakoa akiziuza 50, lakini muda si muda kila mwenye cherehani mjini alikuwa anashona barakoa, zikawa zinatembezwa barabarani kwa 20. Mzee hana pa kutokea. Serikali imeshusha VAT, kodi ya ongezeko la thamani, kutoka asilimia 16 hadi 14, na ushuru wa mauzo wa wafanyabiashara wadogo kutoka asilimia 3 hadi 1. Nashukuru, lakini asilimia 1 ya sifuri ni sifuri. Benki nazo zimeruhusiwa kuwapangia upya wakopaji wao muda wa kulipa. Mzee hana mkopo wa benki. Deni lake ni la mwenye jumla, la mdomo, na mwenye jumla naye anadaiwa. Nafuu nyingi zilizotangazwa mwaka huu zimemfikia mwenye makaratasi. Mtaa wetu ni wa watu wa daftari.

Anayenitatiza zaidi ni dada wa udi. Kafyu ilipoanza alihamishia biashara kwenye simu. Anapiga picha chupa na vyetezo, anaweka WhatsApp, bodaboda anapeleka mpaka Nyali na Bamburi. Ile nafuu ya M-Pesa ya kutuma hadi shilingi 1,000 bila makato imemfaa sana, kwa kuwa vichupa vyake vingi ni vya bei hiyo kushuka chini. Mimi mwenyewe nimemwona bodaboda akiondoka pale na mfuko umejaa vifurushi. Lakini kodi analipa pungufu kama wenzake, na nikimgusia ananiambia pesa yote inarudi kwenye mzigo, kwamba bei za udi zimepanda. Huenda ni kweli. Huenda pia ananisoma, ananiona ni mpole. Nikimbana yeye na kumwachia mzee, atasema nambagua. Nikiwaacha wote sawa, ninamsaidia asiyehitaji kwa pesa ya mama mgonjwa.

Kaka naye. Sitaki wasomaji wamlaani, maana kule Muscat mshahara wake umepunguzwa tangu korona iingie, na ana watoto wanaosoma. Zamani hisa yake ya kodi ilikuwa ya akiba, mwaka huu anaihitaji. Mwezi uliopita mtu anayeuza simu na vifaa vyake amemfikia kupitia rafiki. Anataka duka la mzee na la fundi yavunjwe ukuta yawe moja. Anatoa gudwili, yaani malipo ya mara moja ya kuingilia dukani, ya shilingi 700,000 taslimu na kodi ya 70,000 kwa mwezi, wakati wale wawili kwa pamoja, hata wakilipa kamili, ni 50,000. Kaka anasema hii ni riziki imeletwa mlangoni, na kwamba nikiwaonea huruma watu wa nje namdhulumu mama. Alisema pia niwapige kufuli.

Kufuli nilikataa papo hapo, nikaenda kumwuliza karani wa wakili tunayefahamiana. Akanieleza kwamba maduka kama yetu, yasiyo na mkataba wa maandishi au yenye mkataba usiozidi miaka 5, yako chini ya sheria ya Kenya ya wapangaji wa maduka, Sura ya 301. Notisi lazima iwe kwa fomu yake maalumu, isiwe chini ya miezi miwili, na mpangaji akipinga ana haki ya kwenda kwenye baraza la kodi za majengo ya biashara. Kufunga duka la mtu kwa nguvu ni kujitafutia kesi. Lakini akaongeza jambo ambalo kaka amelishika kwa mikono miwili, kwamba mpangaji kukaa na kodi zaidi ya miezi miwili ni miongoni mwa sababu ambazo sheria inamruhusu mwenye nyumba kuzitumia. Kaka akanijibu kwa ujumbe wa sauti: “Basi notisi itoke leo.”

Nikamwendea pia mwalimu wa msikiti wetu. Akanisomea aya ya 280 ya Suratul Baqara, kwamba mdaiwa akiwa na dhiki apewe muda hadi apate wasaa, na kusamehe ni kheri zaidi. Nikafurahi, nikadhani nimepata jibu la kumpa kaka. Mwalimu akanikatiza: unaweza kusamehe fungu lako. Fungu la kaka, la dada na la mama si lako kulisamehe. Wape muda kwa makubaliano yao, ama uwalipie wewe. Nimelala na maneno hayo, Shangazi, kwa sababu tangu Aprili kila nilichoandika daftarini kama “tutaona mbele” kilikuwa na hisa za watu wanne ndani yake.

Dada wa Malindi anasema atafuata mama atakavyosema. Mama anasema wale ni watoto wake, wasiguswe. Lakini mama hajui dawa zake za miezi hii miwili zimetoka wapi. Zimetoka kwenye mfuko wa mume wangu, ambaye ni karani wa kampuni ya mizigo bandarini na bado anapata mshahara, alhamdulillahi. Amevumilia bila neno, ila juzi aliuliza tu, kwa upole, mpango huu ni wa mpaka lini. Sikuwa na la kumjibu.

Kuhusu yule mtu wa simu, mimi nina wasiwasi ambao kaka anauita hisia za kike. Anatoa bei hiyo sasa kwa sababu mji umelala na anajua wenye majengo wamebanwa. Je, akikaa mwaka mmoja akaona Mtaa wa Biashara si wa simu, akahama? Ukuta utakuwa umeshavunjwa, fundi ameshapata kibanda Majengo au kwingineko, na mzee sidhani atafungua tena popote. Watu wa harusi hawatakuwa na sababu ya kusimama mlangoni petu, na dada wa udi, ambaye kwa sasa ndiye mwenye nafuu, atabaki peke yake na bodaboda wake. Jengo la pili kutoka kwetu, mwenyewe alimtoa mpangaji Juni, na mpaka leo mlango wa chuma umefungwa, hakuna kodi ndogo wala kubwa. Tangu Julai barabara zimefunguliwa, treni ya abiria kutoka Nairobi imerudi, ndege za nje zimeanza tarehe mosi mwezi huu, na sasa harusi zinaruhusiwa hadi watu 100. Watu 100 Mombasa ni jamaa wa upande mmoja tu, lakini ni mwanzo. Wiki hii mzee ameuza doti za harusi moja, na fundi amezipinda.

Nilichokifikiria ni hiki. Kuanzia Septemba mzee na fundi kila mmoja alipe nusu ya kodi bila kukosa, hadi Disemba. Januari warudi kodi kamili, na deni la nyuma lilipwe kidogo kidogo kwa miezi 24, tuandikishane kwa wakili, na hisa yangu katika deni la mzee na la fundi niisamehe kabisa. Dada wa udi ningependa alipe kamili kuanzia sasa. Nimepiga hesabu: 15,000 ya mzee, 10,000 ya fundi na 25,000 yake ni 50,000. Dawa za mama, maji na stima zinatoka humo, na kaka anapata kitu kila mwezi, ingawa si alichozoea.

Kwa hivyo nauliza. Nimwambieje dada wa udi alipe zaidi ya wenzake bila kuonekana nampeleleza? Nimwombe anionyeshe mauzo yake, au hilo ni kumvunjia heshima? Wenye majengo mlioko mjini, kuna aliyejaribu kuchukua kodi kwa kadiri ya mauzo badala ya kiasi kimoja, na mlikubaliana vipi na watu wa daftari? Na kaka nimwandikie nini? Mtu wa simu anataka jibu kabla ya katikati ya Septemba, na kaka amesema nisipotoa notisi atapanda ndege aje aitoe mwenyewe. Nataka akija anikute na karatasi aliyoikubali dada, aliyoielewa mama, na ambayo hata yeye anaweza kutia sahihi bila kujiona ameshindwa. Mzee na fundi sijawaambia lolote kuhusu huyo mtu. Niwaambie sasa wajitayarishe, au ninyamaze mpaka sisi wenyewe tupatane?

Ni mimi,
Mrithi wa Kibokoni, Mombasa