Nimeamua kurisiti mtihani

Igombe, Mwanza
8 Septemba 2025

Shoga yangu wa deka ya chini ya kitanda chetu cha bweni,

Habari za Musoma? Mama hajambo? Mpe shikamoo yangu, mwambie yule sato aliyenifungashia safari ile tulimla siku tatu na wadogo zangu bado wanauliza ataletwa lini mwingine.

Umenipigia mara nne tangu majina ya waliochaguliwa vyuoni yatoke na sikupokea hata moja. Nisamehe. Sikuwa nimekukasirikia. Niliposikia umechaguliwa uuguzi nilipiga vigelegele peke yangu nyuma ya nyumba mpaka jirani akachungulia. Ila nilijua nikisikia sauti yako nitalia, nikilia utanihurumia, na jambo hili sikutaka kuliamua huku nahurumiwa. Sasa nimeshaamua, ndiyo maana naandika. Na nimechagua barua kwa sababu kwenye simu wewe na mimi tunakatizana sana.

Chuo kimenikataa. Nilifungua akaunti yangu pale steshenari, nikakuta maneno mawili tu yaliyoniambia sina vigezo. Nikatoka, nikapanda daladala ya Igombe, nikafika nyumbani sikumbuki hata niliketi siti gani.

Unajua nyumbani walichinja kuku matokeo ya Kidato cha Sita yalipotoka Julai. Kemia C, Baiolojia C, Fizikia E. NECTA, baraza la mitihani, wanahesabu A ni 1 na E ni 5, kwa hiyo mimi ni Daraja la Pili, pointi 11, na kwa mtu wa hapa Igombe Daraja la Pili ni Daraja la Pili, hakuna wa kukuuliza zaidi. Kumbe kwenye udahili wa vyuo hesabu inageuzwa kichwa chini miguu juu: A inakuwa 5, E inakuwa 1. Nikapata 7. Kijana aliyenijazia maombi akaitazama ile 7 akaniambia, dada, zinatosha kabisa, weka udaktari namba moja. Hakusoma mstari wa chini, nami sikuusoma. Udaktari unataka angalau D ya Fizikia, hata jumla yako iwe ngapi. Sikumlaumu, alikuwa na foleni ya watu ishirini nyuma yangu. Lakini wiki nzima nilikuwa nikiamka usiku naisoma ile E kichwani.

Baba yuko nyumbani siku hizi. Ni mbalamwezi, na dagaa wanataka giza. Mwezi ukiwa mpevu taa za mtumbwi hazivuti kitu, basi wavuvi wanashona nyavu na kulala. Jana usiku mwezi ulipatwa. Nina hakika na nyinyi huko mlitoka nje. Hapa mwalo mzima ulisimama ufukweni, watoto wanapiga madebe, na ilipofika saa mbili na nusu ukafunikwa wote ukawa mwekundu kama kaa la moto linalofifia. Ulikaa hivyo mpaka karibu saa nne. Wadogo zangu waliogopa, nikachukua ndimu na chungwa, nikawasha tochi ya simu, nikawaonyesha jinsi kivuli cha dunia kinavyoufikia mwezi. Baba alikuwa amesimama nyuma yetu kimya. Akasema, "Mwanangu, hiyo ndiyo Fizikia iliyokunyima udaktari?"

Nikamwambia hapana, baba, hii naijua. Ndipo tukaketi kwenye mtumbwi tukazungumza, na ni mara ya kwanza tunazungumza jambo hili bila mmoja wetu kuondoka.

Yeye anataka niombe ualimu wa sayansi kwenye awamu ya pili. Hoja yake ina uzito, shoga, usiidharau. Kwa matokeo haya nafasi ipo, mkopo naweza kuomba, na baada ya miaka mitatu nina digrii. Aliniuliza swali moja ambalo sikuwa na jibu lake la haraka: "Ukirudia mtihani, nini kitakuwa tofauti?" Mjomba naye alishaniambia vilevile, kwamba wanaorisiti wengi wanarudi na alama zilezile. Hilo si uongo. Tunawajua. Yule dada wa kidato mbele yetu alirudia mara mbili, kila Mei anaingia na madaftari yaleyale, anasoma namna ileile, anatoka na E yake.

Kwa hiyo nikamsimulia baba kuhusu joki, kile kidude cha maabara cha kugusia waya.

Nawe nakusimulia, maana unahusika. Tangu mwisho wa Julai nimekuwa nikienda twisheni Nyakato. Nilienda nikiwa bado na matumaini ya kuchaguliwa. Nilitaka tu nisikae bure. Siku ya kwanza mwalimu alinipa karatasi ya zamani ya Fizikia 1, akaniwekea saa tatu, akanifungia darasani. Nilipata 34 kwa mia. Unaelewa maana yake: F. Ningeongeza moja tu ingekuwa S. Baada ya miezi miwili bila kugusa daftari nilitegemea kushuka, lakini si kiasi hicho. Mwalimu hakunisema. Alikaa na ile karatasi akaweka alama ya penseli kila mahali nilipopoteza, kisha akanigeuzia nione. Zaidi ya nusu ya zile alama za penseli zilikuwa kwenye umeme. Akaniuliza kuhusu ule ubao wenye waya wa kupimia rezista inazuia umeme kiasi gani: "Umewahi kufanya mita brigi kwa mkono wako?"

Nikataka kusema ndiyo. Nikakumbuka, nikanyamaza.

Unakumbuka maabara yetu? Kumi na mmoja kwenye ubao mmoja. Wewe ndiye uliyekuwa unashika joki, kwa sababu una mkono mtulivu, na mimi nilikuwa nikiandika vipimo kwenye daftari kwa sababu nina mwandiko mzuri. Miaka miwili yote. Kila praktiko, mwalimu anasema mwenye mwandiko aandike, na mimi nakimbilia kalamu najisikia nimepewa heshima. Na hakuna aliyefanya kosa hapo, wewe hukuninyang'anya kitu. Lakini nilifika chumba cha mtihani Mei nikiwa naujua ule ubao kwa macho tu.

Mwalimu wa twisheni ana mita brigi moja ya zamani, waya wake umeshaungwa mahali pawili. Akaniwekea rezista ninayoijua upande huu, nisiyoijua upande ule, galvanomita yenye mshale wa kuonyesha umeme katikati, akaniambia haya. Nikagusa waya kwa joki, mshale ukaruka kulia. Nikasogea, nikagusa, ukaruka kushoto. Nilikuwa natetemeka, nilidhani nimeharibu. Nikarudi polepole, kidogo, kidogo zaidi, na kwenye sentimita 38.4 kati ya mia za waya mshale ukatulia. Niliinua joki nikashusha tena, ukatulia tena. Shoga, nilisimama pale kama mjinga. Kile nilichokuwa nimekikariri kama mstari wa ngonjera, kwamba 38.4 gawanya kwa 61.6 ni sawa na rezista hii gawanya kwa ile, nilikiona. Mshale unatulia kwa sababu pande mbili zimelingana, hakuna kinachosukuma umeme upite katikati. Ni hivyo tu. Miaka miwili nimeimba, na ilinichukua dakika nne.

Nilirudia ile praktiko mara sita siku ile. Mwalimu alifunga madirisha yote akaniachia moja.

Baada ya wiki tano akanifungia tena darasani na karatasi nyingine, saa tatu zilezile. Nimepata 47. Najua unachofikiri: 47 bado ni E. Ndiyo, na nimemwambia baba hivyohivyo, sikuipamba. Lakini kutoka 34 hadi 47 sikupanda kwa bahati. Nikizipanga zile alama, karibu zote zimetoka kwenye umeme, mada niliyoigusa kwa mkono. Mwendo wa mzunguko bado unanipiga, joto bado sijalianza. Kwa hiyo swali la baba la nini kitakuwa tofauti, sasa nina jibu, na jibu lina majina ya mada. Kama ningekuta nimepoteza alama kidogo hapa kidogo pale, kila mahali, bila kujua kwa nini, naapa ningeomba ualimu na ningeenda kwa moyo mmoja.

Watu wananiambia nirisiti Fizikia peke yake, niitoe ile E iwe D, basi. Nimekataa. D inanifikisha mlangoni, inaniruhusu kupanga foleni na wenye A. Kukidhi sifa na kuchaguliwa ni vitu viwili, hilo nimelilipia. Nitasajili yote matatu kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nimeshapata kituo chenye maabara, na wiki hii nakwenda kulipa kabla usajili haujafungwa. Lengo langu kwenye Fizikia ni 60.

Kuna njia nyingine niliyoifikiria sana kuliko ualimu: stashahada ya utabibu, miaka mitatu. Kidato cha Nne changu kinaniruhusu. Shangazi ndiye aliyenikumbusha, na siwezi kusema ni njia ya walioshindwa, kwa sababu hapa kwenye zahanati zetu tabibu ndiye unayemkuta, na ukifaulu vizuri unaweza kuendelea na udaktari baadaye. Siku hizi na mikopo ya stashahada za afya ipo. Nimejiwekea ahadi, nawe uwe shahidi: narisiti mara moja tu. Matokeo ya mwakani yakitoka na Fizikia haijafika D, naomba utabibu wiki hiyohiyo, sitalia zaidi ya siku mbili.

Maana ninachokitaka si koti jeupe. Sijawahi kukuambia hili vizuri. Unakumbuka shule ya msingi walivyokuwa wanatupanga mstari, tunasimamishwa kwenye ile fimbo yenye alama ili wajue kwa urefu wako umeze vidonge vingapi vya kichocho? Mimi nilikuwa nachukia vile vidonge, vichungu, vikubwa, nilikuwa navificha shavuni na kwenda kuvitema ziwani. Jirani yetu wa nyumba ya tatu, mvuvi, mtu wa baba, alikuwa na tumbo lililojaa maji. Sisi watoto tulidhani amerogwa, na watu wazima walisema hivyohivyo. Alitapika damu usiku mmoja, na kabla ya kumfikisha hospitali alikuwa ameondoka. Ni kidato cha tatu ndipo nilipokutana kwenye kitabu na konokono wa majini na ini linalokakamaa, nikaweka kalamu chini. Ilikuwa ni kichocho. Kilikuwa kwenye maji tunayofulia, na dawa yake ndiyo ile niliyokuwa naitema. Tangu siku hiyo nimejua ninataka kufanya nini na wapi. Kwa hiyo nikiwa tabibu au daktari, nitarudi ufukwe huuhuu. Ila nataka kwanza nijaribu kuujua mwili mpaka mwisho wake.

Baba hakusema ndiyo. Alinyamaza, mwezi ukaanza kutoa ukingo mweupe, akasema, "Haya, basi tupange kwa mwezi." Nikajua amekubali. Kwa hiyo ratiba yangu inafuata dagaa. Siku za giza mitumbwi inarudi alfajiri imejaa, hapo mimi ni wa mama: kuosha, kuanika kwenye chanja, kugeuza, na mvua ikitishia tunakimbia na maturubai kama wendawazimu. Siku hizo nasoma jioni tu, Baiolojia, inayokubali kusomwa na mtu aliyechoka. Mbalamwezi ikiingia mimi ni wa Nyakato kutwa nzima, nashuka Furahisha naunganisha. Mama atanipa sehemu ya dagaa wangu mwenyewe niuze, ndiyo itakayolipa twisheni, Sh. 30,000 kwa mwezi. Nimeshachora miezi yote mpaka Mei nyuma ya mlango, giza kwa mkaa, mbalamwezi nimeacha peupe.

Aibu ipo, sikufichi. Jana mtu aliniuliza sokoni, "Bado uko nyumbani tu?" nikajibu ndiyo, nikaendelea kupima dagaa.

Sasa ombi langu. Lile daftari la praktiko tulilokuwa tunatumia pamoja ulibaki nalo wewe siku tunafunga shule. Kabla hujaondoka kwenda chuo, nitumie. Mpe kondakta wa basi la asubuhi, lifunge kwenye mfuko wa nailoni lisilowe, uandike jina langu kwa maandishi makubwa, nami nitalisubiri Buzuruga, ni jirani kabisa na twisheni. Vipimo vyote humo viko kwa mwandiko wangu na vyote ulivichukua wewe. Nataka kuvirudia kimoja kimoja nione kama vyangu vitafika karibu na vyako.

Na uniambie jambo moja, kwa simu au kwa barua, utakavyoona: ulipokuwa unashika joki, ulikuwa unaigandamiza au unaigusa tu? Mimi naona nikigandamiza mshale unachelewa kutulia.

Msalimie Mama. Ukifika chuoni nitumie anwani, na safari hii ukipiga nitapokea.

Ni mimi, wa deka ya juu.