Masikio yako, mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako nimezipokea, marahaba. Nimesikia umepangiwa kikosi cha mizinga. Nimefurahi sana, na usiku sikulala.

Ziba masikio. Wakikupa vizibo, vaa. Wakikupa na vya kufunika juu, vaa vyote viwili. Usimsikilize kijana atakayekwambia askari wa kweli hazibi masikio. Waliosema hivyo nilikuwa nao, na leo tukikutana tunaitana kama watu walio ng'ambo mbili za mto.

BM-21, mtambo wa kurushia roketi, ina mitutu 40, na roketi zote hutoka kwa sekunde kama 20. Kwenye vita vya Kagera watu wa Uganda waliiita Saba Saba. Mji wao wa Masaka tuliupiga mizinga kabla ya askari wetu kuingia tarehe 24 Februari 1979. Vishindo vya namna hiyo huua vinywele vilivyo ndani kabisa ya sikio, na vikifa havioti tena. Kinachobaki ni mlio usiozimika. Mlipokuwa wadogo mkidhani Baba amenuna, mara nyingi nilikuwa sijasikia mlichosema. Tuyaache hayo.

Halafu kwenye kundi la familia umeandika kwamba mama yako "kakushushia mizinga ya maswali". Sikupenda. Mizinga hushushwa mfululizo ili adui asiinue kichwa na wenzako wapate kusogea. Hakuna anayengoja jibu. Mama yako anangoja. Aliuliza moja ukanyamaza, ndiyo maana akayaleta yote kwa mkupuo. Mjibu leo: unalala wapi, unakula nini, na vizibo umepewa au hujapewa?

Na dada yako usimpige tena mizinga ya pesa, ana ada za watoto. Niambie mimi. Kahawa tumeianika, ikinunuliwa nitakutumia kidogo. Migomba ya bondeni imeingiwa na unyanjano, tumeing'oa na kuifukia. Machipukizi tutaomba kwa baba yako mdogo, maana shamba lake bado zima. Ng'ombe amezaa jike.

Vizibo kama hawajatoa, omba kwa adabu lakini omba, hata kwa mkubwa wako. Ukikosa kabisa nunua, nitazilipa pesa hizo kabla ya bati la jikoni. Mama yako amekubali.

Baba yako