Barua kwa swahiba anayepanga ofisi upya

Mwanza

Swahiba wangu,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani. Sisi wazima. Nimefurahi kusikia kazi ya kupanga upya ofisi yenu ya pale mtaa wa Posta, Dar es Salaam, umekabidhiwa wewe, maana unajali watu. Umesema mtakuwa mnakuja ofisini siku tatu kwa wiki na mbili mnafanyia kazi nyumbani, na unataka kujua uanzie wapi.

Usianzie kwa fundi wala kwenye duka la samani, kaka. Kaa na kila kitengo uwaulize: ukija ofisini, unafuata nini ambacho nyumbani hukipati? Utasikia majibu yanayopishana kabisa. Mkubwa mwenye nyumba Mbezi Beach atakwambia kwake kumetulia, anachohitaji ofisini ni kukutana na wenzake. Kijana aliyepanga chumba kimoja Manzese, jirani anafungulia redio tangu asubuhi na umeme ukikatika hana pa kukimbilia, atakwambia ofisini ndiko kwenye meza, kiyoyozi na intaneti ya uhakika. Ukijaza makochi ya mazungumzo ukaondoa meza tulivu, huyo umemnyang'anya mahali pake pa kazi.

Bosi wako anataka kubomoa kuta zote ili watu washirikiane. Mpe habari hii kwa upole. Mwaka 2018 Ethan Bernstein na Stephen Turban wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walichapisha utafiti kuhusu makao makuu ya kampuni mbili kubwa za Marekani zilizohamia kwenye ofisi za wazi. Wafanyakazi walivaa vifaa vya kupima nani anazungumza na nani. Mazungumzo ya ana kwa ana yalipungua kwa takriban asilimia 70, na barua pepe zikaongezeka. Binafsi sishangai: ukikaa unatazamwa na kila mtu, unavaa spika za masikioni na kuinamia kompyuta yako.

Na kama bado ana hofu na siku mbili za nyumbani, mwonyeshe utafiti wa Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake, uliotoka mwaka 2024. Walifuatilia wafanyakazi 1,612 wa Trip.com, kampuni ya huduma za safari mtandaoni, kule China. Idadi ya walioacha kazi ilipungua kwa theluthi moja miongoni mwa walioruhusiwa kubaki nyumbani siku mbili, na ufanisi wao haukushuka.

Meza za kupokezana, yaani zisizo na mwenyewe, sizipingi, najua kodi ya pango mjini ilivyo. Lakini hesabu ya meza ifuate siku yenye watu wengi, isifuate wastani wa wiki. Jumanne watajaa, Ijumaa hamtakuwa hata nusu. Kila kitengo kiwe na upande wake unaojulikana, na kila mtu kabati lake lenye kufuli. Mtu anayezunguka na begi kila asubuhi akitafuta pa kukaa ataanza kujiona mgeni, na moyo wa kazi unaondokea hapo hapo.

Hela nyingi itumie kwenye chumba cha mikutano. Unakijua kile cha kawaida: meza ndefu, televisheni ukutani kwenye ncha moja, dirisha kubwa ncha ya pili. Aliye nyumbani anaona vivuli tu kwa sababu mwanga uko nyuma ya watu. Anayeongea mwisho wa meza hasikiki, marumaru na vioo vinarudisha mwangwi, wenzake wanacheka jambo ambalo yeye hakulisikia. Baada ya muda anazima kamera. Weka meza pana upande wa skrini na nyembamba nyuma, au watu wakae nusu duara. Kamera iwe usawa wa macho, kipaza sauti katikati ya meza, zulia chini, pazia nzito dirishani. Pembeni tenga vyumba viwili vitatu vidogo vya mtu mmoja mwenye simu au mkutano wa mtandaoni, la sivyo ukumbi mzima utasikiliza mkutano wake.

Kabla hamjanunua chochote kwa wingi, pangeni kona moja, mkae humo mwezi mzima, kisha uwaulize tena. Watu wanaitunza ofisi waliyoshiriki kuipanga.

Halafu kuna wahudumu, walinzi, madereva na dada wa mapokezi. Hao hawana siku ya kubaki nyumbani, na kwenye michoro mingi niliyowahi kuona hawapo kabisa. Watafutie mahali pa heshima pa kukaa na kula chakula chao. Hili nakuomba kwa dhati.

Nitumie ramani ya ghorofa yenu kabla hamjasaini na mkandarasi, na uniandikie madirisha yanaelekea wapi na jua la jioni linapigia upande gani. Msalimie shemeji na watoto.

Wako daima,
Swahiba wako wa Mwanza